Linda tarehe yako: foleni ya kliniki ya jinsia ya NHS

Mtu anayetaka matibabu ya kubadili jinsia England, na hana fedha za kliniki binafsi bali anategemea NHS (huduma ya afya ya umma), ana mali moja tu: tarehe. Nafasi yake kwenye foleni huhesabiwa kuanzia barua ya rufaa, ile ya daktari ya kumtuma huko, ilipoifikia kliniki ya jinsia. Siku aliyozungumza na daktari haihesabiki, wala siku aliyoingia nchini. Kliniki ya London, kongwe kuliko zote, iliyoanza katika hospitali ya Charing Cross mwaka 1966, imekuwa ikiwaita kwa miadi ya kwanza watu ambao rufaa zao zilipokelewa zaidi ya miaka 5 nyuma. Ndani ya miaka 5 mtu huhama nyumba, hubadili laini ya simu, hubadili daktari, pengine hubadili na jina. Tunaowasindikiza wasemaji wa Kiswahili kwenye safari hii tunaona jambo lile lile likijirudia: wengi wanaopotea njiani hawakunyimwa matibabu na mtu. Barua ilikwenda kwenye anwani ya zamani, hawakujibu, wakafutwa.

Haki yenyewe ipo, na ilipiganiwa mahakamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mamlaka ya afya ya kaskazini magharibi mwa England ilikosea kisheria kuweka sera iliyofunga kabisa mlango wa upasuaji wa jinsia. Tangu hapo hakuna ofisi ya NHS inayoweza kusema tu "sisi hayo hatulipii". Lakini kuna ahadi nyingine, ya mgonjwa kuanza matibabu ndani ya wiki 18, na hiyo kwa kliniki za jinsia imebaki kwenye karatasi. Wagonjwa waliishtaki NHS England kwa ucheleweshaji huo, wakashindwa Mahakama Kuu Januari 2023, na rufani yao ikatupwa mwaka huo huo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kumtishia mhudumu wa mapokezi kwa wiki 18. Anajua, na hana cha kufanya.

Kila kitu huanza kwa daktari wa familia, ambaye huku kila mtu anamwita GP. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti, viza wala bili ya umeme. Mapokezi wengi hudai hivyo vitu kwa mazoea, na wanaorudishwa mlangoni ni wengi. Jibu kwa upole kwamba mwongozo wa NHS unasema kukosa kitambulisho au uthibitisho wa makazi si sababu ya kukataliwa, kisha omba wakupe sababu ya kukukataa kwa maandishi. Mara nyingi fomu hutolewa hapo hapo. Huduma ya GP ni bure kwa yeyote aliyepo nchini, hata asiye na makaratasi.

Kliniki ya jinsia ni habari nyingine, kwa sababu inahesabiwa kama huduma ya hospitali. Mwanafunzi au mfanyakazi aliyelipa ada ya afya pamoja na viza (tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na pauni 776 kwa wanafunzi) hadaiwi tena. Aliyeomba hifadhi hadaiwi wakati ombi lake na rufani zake zinashughulikiwa, wala aliyepewa ukimbizi hadaiwi. Hatari iko kwa aliyekataliwa hifadhi na rufani zikaisha: England anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama, tena kabla ya matibabu yasiyo ya dharura. Scotland na Wales hazimdai mtu wa namna hiyo. Ukiona ombi lako linakwenda vibaya, zungumza na wakili kuhusu kliniki mapema, maana wengi humweleza wakili kila kitu isipokuwa habari za hospitali.

Miadi ya GP ni dakika 10. Ukitumia mkalimani, nusu ya muda inaliwa na tafsiri, basi omba miadi ya mara mbili, dakika 20, na uombe tangu unapopiga simu. Mkalimani ni haki yako na halipiwi na mgonjwa. Tatizo la Waswahili huku ni uchache wetu. Katika mji mdogo, mkalimani wa Kiswahili anaweza kuwa mtu mnayeswali naye au mnayekutana kwenye harusi. Omba mkalimani wa simu badala ya kukaa naye chumbani, aliye mbali na mji wako, asiyepewa jina lako, na useme kama unataka mwanamume au mwanamke. Ukisikia sauti unayoifahamu una ruhusa ya kusimamisha mazungumzo na kuomba mwingine. Ndugu, jirani au mtoto wako asikutafsirie hata siku moja.

Halafu kuna suala la lugha yenyewe. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote, na ile "a-" ya kwenye kitenzi haimtaji mwanamume wala mwanamke. Ni raha, mpaka mkalimani anapoifikisha kwa Kiingereza, ambako lazima achague "he" au "she". Anachagua kwa kusikia sauti ya simu. Mwanamke wa transi (aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa) mwenye sauti nzito anakuwa "he" tangu sentensi ya kwanza, daktari anaandika hivyo hivyo, na barua ya rufaa inafika kliniki ikiwa imejaa "he" kumhusu mtu ambaye hoja yake yote ni kwamba yeye ni mwanamke. Tibu hilo kabla daktari hajauliza swali lolote, kwa kumwambia mkalimani moja kwa moja: "Ukinitaja kwa Kiingereza, sema she. Na mwambie daktari kwamba nimekuomba hivyo."

Neno la pili linaloharibu ni lile la kitaalamu la hali yenyewe, "gender dysphoria". Wakalimani wengi hawajawahi kukutana nalo, hivyo hulitafsiri papo kwa papo, na mara nyingi linatoka kama "kuchanganyikiwa kuhusu jinsia". Mgonjwa anaulizwa: je, umechanganyikiwa? Anajibu kwa haki kabisa: hapana, sijachanganyikiwa, najijua vizuri. Kwenye faili linaingia jibu kwamba amekana dalili. Usingoje swali hilo. Sema mwenyewe kwa Kiswahili cha kawaida: tangu lini umejijua, nini katika mwili kinakutesa, umeishi vipi mpaka sasa, na unataka nini. Maliza na sentensi hii, isomwe kutoka kwenye karatasi ikibidi: "Naomba rufaa ya kliniki ya jinsia ya watu wazima." GP haruhusiwi kudai kwamba lazima upitie kwanza kwa daktari wa akili. Anaweza kuandika rufaa mwenyewe siku hiyo hiyo, na shirika la afya duniani liliiondoa hali hii kwenye kundi la magonjwa ya akili katika orodha yake mpya, inayotumika tangu Januari 2022.

Mgonjwa wa England anaweza kuomba kliniki yoyote ya England, halazimiki kwenda ya karibu. Mbali na London kuna Leeds, Sheffield, Newcastle, Nottingham, Exeter na ile ya eneo la Northampton, na tangu 2020 zimeongezwa huduma mpya, mojawapo ikiwa Manchester, ingawa baadhi ya hizi mpya, kama hiyo ya Manchester, hupokea watu wa eneo lao tu. Foleni hazilingani. Angalia tovuti ya kila kliniki inawaita watu wa mwezi gani na mwaka gani, kisha piga hesabu ya nauli. Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 wana njia yao tofauti kabisa: kliniki ya Tavistock iliyokuwa ikiwahudumia ilifungwa Machi 2024, rufaa sasa hupitia kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili ya watoto, na dawa za kuzuia balehe zilipigwa marufuku kwa muda usiojulikana Desemba 2024, hata kwa vyeti vya dawa vya kliniki binafsi.

Sasa barua. Kila kliniki ina fomu yake ya rufaa. GP akitumia barua ya kawaida au fomu ya kliniki nyingine, hurudishwa kwenye kikasha cha ofisi ya GP na hakuna anayekupigia simu kukwambia. Unakaa mwaka mzima ukidhani unangoja, kumbe humo kwenye foleni. Ndiyo maana tunasisitiza mambo madogo yafuatayo kuliko mengine yote. Peleka fomu iliyochapishwa kutoka tovuti ya kliniki uliyoichagua, umwekee daktari mezani. Omba nakala ya ilivyotumwa, na tarehe. Baada ya wiki 3 piga simu au andika barua pepe kliniki, ukitaja tarehe ya kuzaliwa na namba ya NHS, uulize: mmepokea, na tarehe mliyoandika ni ipi? Jibu hilo lihifadhi kwa maandishi. Wakikuandikia barua ya uthibitisho, ipige picha ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe, kwa sababu mabegi hupotea katika kuhamishwa.

Na kuhamishwa kutakuwepo. Waomba hifadhi huondolewa hotelini kupelekwa mji mwingine kwa taarifa fupi, wakati mwingine gari liko nje tayari. Rufaa haihami nawe yenyewe. GP mpya hana habari nayo mpaka rekodi imfikie. Usikubali aanzishe rufaa mpya "ili mambo yawe safi", maana rufaa mpya ni tarehe mpya. Mwambie iliyopo inaendelea, kinachotakiwa ni kliniki kujulishwa GP mpya na anwani mpya tu. Wape kliniki pia barua pepe usiyotarajia kuiacha, na ruhusa ya kukuachia ujumbe. Kliniki nyingi hutuma barua au ujumbe wa simu kuuliza kama bado unahitaji huduma, na usipojibu katika muda waliotaja wanakuondoa. Ujumbe huo unaweza kuonekana kama wa matapeli. Jibu.

Wapo wanaofika wakiwa tayari wanatumia homoni walizonunua dukani Nairobi au Kampala, au wanaotumiwa na rafiki. Mwambie GP ukweli, kwa majina ya dawa na vipimo. Lengo ni kupimwa damu na presha, na hilo hufanywa bila kliniki ya jinsia. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavyomezwa viwili viwili au vitatu ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu estrojeni (homoni ya kike) iliyomo, ethinilestradioli, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko estradioli ya kawaida, na mvutaji sigara anaizidisha. Siproteroni, dawa ya kuzuia homoni ya kiume, inayotumiwa kwa dozi kubwa kwa miaka inahusishwa na uvimbe wa utando wa ubongo.

Baraza la madaktari la Uingereza linamruhusu GP kuandika cheti cha dawa cha muda wakati mtu anangoja, ikiwa mgonjwa tayari anajitibu kutoka vyanzo visivyodhibitiwa au ana uwezekano mkubwa wa kufanya hivyo, ikiwa cheti kinalenga kupunguza hatari ya kujidhuru au kujiua, na ikiwa daktari ametafuta ushauri wa mtaalamu wa jinsia na kuanza na dozi ndogo inayofaa. Wengi hukataa, na chama chao cha madaktari wa familia hakikipendi cheti hicho. Hawalazimiki. Lakini kukataa cheti si kukataa kukupima, na hapo ndipo pa kukomaa: "Sawa, usiniandikie. Nipime damu."

Siku ya kutoa damu ina masharti ambayo muuguzi mara nyingi hayajui. Anayepaka jeli ya homoni asipake kwenye mkono utakaochomwa sindano, la sivyo majibu yanatoka juu mno na dozi inapunguzwa bure. Damu itolewe saa 4 hadi 6 baada ya kupaka. Mwenye kibandiko cha estradioli atoe kama saa 48 baada ya kukibandika. Anayechomwa testosteroni (homoni ya kiume) ya muda mrefu atoe muda mfupi kabla ya sindano inayofuata, maana hapo kiwango kiko chini kabisa. Andika kwenye fomu saa uliyotumia dawa. Kwa wanaotumia testosteroni kipimo cha kutazama kwa jicho kali ni hematokriti, yaani kiasi cha chembe nyekundu kwenye damu. Ikipanda kupita 0.54 damu inakuwa nzito na dozi huangaliwa upya.

Kliniki ikikuita hatimaye, tegemea miadi miwili au zaidi ya tathmini kabla ya dawa kupendekezwa. Kliniki nyingi haziandiki dawa zenyewe. Hutuma pendekezo kwa GP, na yeye ndiye anayeandika cheti. Danadana nyingi zinaanzia hapa: GP anasema hajapata barua, kliniki inasema imetuma. Beba nakala yako.

Kwa wanawake wa transi kawaida ni estradioli ya kibandiko, jeli au kidonge. Vibandiko hubadilishwa mara mbili kwa wiki, chini ya kiuno, kwenye ngozi kavu isiyopakwa mafuta. Ukijipaka mafuta ya nazi mwili mzima kama nyumbani, kitadondoka kabla ya Jumatano. Testosteroni ya mwili huzuiwa kwa sindano kama ya leuprorelini, 11.25 mg kila miezi 3. Sindano ya kwanza hupandisha testosteroni kwa wiki moja au mbili kabla ya kuishusha, na mtu asiyeambiwa hudhani amechomwa dawa isiyo yake.

Kwa wanaume wa transi ipo jeli, au sindano ya testosteroni undekanoati, 1,000 mg katika ml 4 za mafuta, ichomwe taratibu kwa dakika 2 kwenye kalio. Ya pili ni baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Ipo pia Sustanon, ambayo imechanganywa na mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga aseme kabla sindano haijatolewa kwenye kisanduku. Ile ya undekanoati imechanganywa na mafuta ya mbarika, haina karanga. Na testosteroni si uzazi wa mpango, hata kama hedhi imekoma.

Dawa hulipiwa England: pauni 9.90 kwa kila aina katika cheti, wakati Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni bure. Kuna kadi ya mwaka ya pauni 114.50 inayofunika dawa zote, nayo inaanza kukulipa ukichukua dawa ya 12. Kuna nyingine ya pauni 19.80 kwa mwaka, iliyoanzishwa Aprili 2023 kwa homoni za wanawake waliokoma hedhi, nayo inafunika vibandiko, jeli na vidonge vingi vya estradioli. Haifuniki testosteroni wala sindano za kuizuia. Mwomba hifadhi anayepata msaada wa serikali huwa na cheti kiitwacho HC2. Hicho kinafuta gharama za dawa, na pia kinamrudishia nauli ya kwenda kliniki, treni ya kutoka Middlesbrough mpaka London ikiwemo, mradi adai ndani ya miezi 3 akiwa na tiketi na barua ya miadi. Hati yenyewe ina tarehe ya kuisha. Iangalie.

Kubadili jina ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: tamko la karatasi, saini yako na mashahidi wawili wazima, bure. Kubadili alama ya jinsia kwenye rekodi ya NHS ni jambo zito zaidi, si kwa ugumu wa kuomba, maana mtu mzima humwomba GP na hahitaji cheti cha mahakama. Uzito uko kwenye matokeo. Unapewa namba mpya ya NHS, na rekodi ya zamani hufungwa, yaliyomo yakihamishiwa kwenye mpya. Kliniki iliyokuorodhesha kwa namba ya zamani haikujui tena. Siku ile ile namba mpya inapotoka, wapigie kliniki, maabara na hospitali yoyote yenye miadi yako, uwape zote mbili.

Halafu uchunguzi wa saratani. Kompyuta huita watu kwa alama hiyo ya jinsia tu. Mwanamume wa transi aliyeandikishwa mwanamume haitwi tena kupima mlango wa kizazi, ingawa anao. Mwanamke wa transi aliyeandikishwa mwanamke haitwi akifika miaka 65 kupimwa mshipa mkuu wa tumboni, ingawa hatari ile haijaondoka, lakini ataitwa kupimwa matiti kuanzia miaka 50. Mwombe GP aweke ukumbusho kwenye faili. Wengine huamua kungoja kubadili alama mpaka miadi ya kwanza ipite. Hatuoni ubaya wake.

Upasuaji wa kifua huhitaji barua ya mtaalamu mmoja, wa sehemu za siri wawili, na kwa huu wa pili mwaka mzima wa kuishi katika jinsia yako. Sigara na uzito huwazuia wengi kuliko pesa. NHS kwa kawaida hailipii kuongeza matiti wala upasuaji wa uso. Anayeishi nyumba ya pamoja ya waomba hifadhi aombe jambo moja mapema, kabla tarehe haijapangwa: barua ya daktari wa upasuaji kwa wanaosimamia nyumba, ieleze kwamba baada ya upasuaji wa uke atahitaji chumba chenye kufuli na bafu la karibu kwa miezi kadhaa, kwa sababu wiki za mwanzo atakuwa akiutanua uke kwa kifaa mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa muda usiopungua robo saa. Barua isiyotaja mara ngapi na muda gani hujibiwa kwamba bafu la pamoja linatosha.